Cha Wote Kina Mwenyewe

Ziwa na sheria yake

Mtu akishuka alfajiri katika mwalo wa Kibirizi, kaskazini ya mji wa Kigoma, huwakuta wavuvi wakirejea kutoka ziwani na akina mama wakianika dagaa. Atasikia Kiha, Kibembe, Kirundi na Kiswahili vikipokezana. Lakini hatamsikia mtu akidai kwamba ziwa ni lake peke yake. Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita 673 na kina cha meta 1,470, ni la nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Ni la wote. Hata hivyo, tarehe 15 Mei, 2024, upande wetu wa ziwa ulifungwa usivuliwe hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Wavuvi waliteta, na wengi wao walikuwa na sababu ya kuteta, kwa maana tumbo halijui likizo. Lakini hatukumsikia mtu mwenye akili timamu akisema: "Madhali ziwa ni la wote, basi halina sheria."

Tunaanza na ziwa kwa sababu lipo ziwa jingine, lisiloonekana kwa macho, ambalo watu wengi wenye elimu hulisema neno hilohilo ambalo mvuvi asiyejua kusoma asingethubutu kulisema juu ya Tanganyika. Ziwa hilo ni hazina ya programu za kompyuta ambazo waandishi wake wamezitoa ziwe huria, zitumiwe na kila mtu. Makampuni huvua humo mchana na usiku. Mengine huvua kwa adabu. Mengine huvua, hufuta jina la aliyetengeneza wavu, kisha hurudi kutuuzia samaki wetu wenyewe kwa bei ya dhahabu. Na yapo yanayokwenda mbali zaidi: hutia alama katikati ya ziwa na kusema, "Kuanzia hapa hadi kule ni haki yetu, apitaye na alipe."

Makala hii inakusudia kulipinga jambo hilo, na pamoja nalo kuipinga methali ya uvivu iliyoenea mitaani na maofisini isemayo kwamba mali ya wote haina mwenyewe. Sisi tunasema: cha wote kina mwenyewe, na mwenyewe ni wote.

Programu huria ni nini

Mwanafunzi asiogope maneno mapya. Programu ya kompyuta ni maagizo yaliyoandikwa na binadamu, mstari kwa mstari, ambayo mashine huyatimiza. Maandishi hayo huitwa msimbo. Kampuni ikikuuzia programu bila msimbo, imekuuzia chungu kilichofunikwa na kuzibwa kwa udongo: waweza kula kinachotoka, lakini huwezi kujua kilichomo wala kukikoleza. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake u wazi, na mwandishi wake amekupa ruhusa ya kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuwagawia wenzako.

Watu wa Kigoma wanao mfano wa jambo hili ukielea bandarini. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, nchini Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika maelfu ya makasha, ikavushwa bahari na kupandishwa reli, kisha ikaunganishwa upya hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha. Mwaka 1924 iliibuliwa. Na mwaka 1927 ilianza tena kazi, chini ya jina jipya na mabwana wapya. Je, ingewezekana kuiokoa meli ile kama isingekuwa kitu kinachoweza kufunguliwa, kueleweka na kuungwa na mikono mingine kuliko ile iliyoitengeneza? Programu huria ni chombo cha namna hiyo. Aliyeitengeneza akifa, akifilisika au akigeuka adui, chombo chaweza kuendelea na safari.

Fikra ya kuitetea haki hiyo kwa nguvu ya sheria ilitangazwa mwaka 1983 na Mmarekani aitwaye Richard Stallman, alipoanzisha mradi wa GNU. Mwaka 1989 ilitoka leseni yake iitwayo GPL, ambayo kwa kifupi husema hivi: chukua, tumia, badilisha, lakini ukiwagawia wengine kilichotokana na hiki, wape na msimbo wake kwa masharti haya haya uliyopewa wewe. Mwaka 1991 kijana wa Finland, Linus Torvalds, alitoa kiini cha mfumo wa Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni hiyo. Leo kiini hicho ndicho kilicho ndani ya simu za Android zilizomo mifukoni mwa mamilioni ya watu, tangu Mwandiga hadi Mpulungu.

Ziko pia leseni nyepesi zaidi, kama ile ya Apache na zile za mtindo wa BSD. Hizi hazikulazimishi kuutoa msimbo wako. Zinakutaka tu uyahifadhi majina ya waandishi na maneno ya leseni yenyewe. Basi zipo leseni kali na zipo leseni laini, lakini hakuna hata moja kati ya hizi isemayo: "Chukua, ujifanye wewe ndiye uliyetunga." Kutoa ni moyo; lakini aliyetoa ametoa kwa ahadi, na ahadi ni deni.

Zimekwisha kufika Kigoma

Wapo watakaotuuliza: mambo haya ya California na Helsinki yanatuhusu nini sisi wa mwambao wa Tanganyika? Jibu letu ni kwamba yamekwisha kuingia nyumbani, tena kwa mlango wa mbele.

Katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi ya Gombe, walinzi wa misitu waliochaguliwa na vijiji vyao wametembea msituni na simu mikononi, wakiandika mahali walipokuta mti uliokatwa, mtego uliotegwa au kiota cha sokwe. Kazi hiyo, iliyosaidiwa na Taasisi ya Jane Goodall, ilifanywa kwa kutumia programu iitwayo Open Data Kit, iliyoanzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, nchini Marekani, na kutolewa kwa leseni ya Apache. Hakuna kijiji kilichotozwa ada ya leseni. Msimbo uliotungwa ng'ambo ya bahari uliingia katika mikono ya mwanakijiji wa Kigoma kama wavu ulioazimwa kwa jirani mwema.

Kadhalika, takwimu za zahanati na hospitali zetu, za wajawazito, za malaria, za chanjo, hukusanywa nchini kote kwa mfumo wa DHIS2, uliotokana na Chuo Kikuu cha Oslo, na ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuujenga na kuueneza. Nao pia ni huria, chini ya leseni fupi ya mtindo wa BSD.

Basi tusemapo juu ya leseni za programu hatusemi juu ya michezo ya matajiri. Tunasema juu ya daftari la kliniki na daftari la msitu. Atakayezifunga programu hizi, au atakayezitilia mguu wa kodi, atakuwa ameushika mkono wa mkunga na wa mlinzi wa mlima.

Mwamba uliofichika majini

Sasa tuitazame hatari yenyewe. Haki juu ya programu hulindwa kwa njia mbili kubwa, na mtu asipozitofautisha atapotea.

Njia ya kwanza ni hakimiliki. Hii hulinda maandishi yenyewe, kama ilindavyo riwaya au wimbo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, huzihesabu programu za kompyuta kuwa miongoni mwa kazi zinazolindwa. Leseni za programu huria zimejengwa juu ya msingi huu: mwandishi ana haki, na kwa haki hiyo hutoa ruhusa yenye masharti.

Njia ya pili ni hataza. Hii ni haki ya pekee ambayo dola humpa mvumbuzi kwa muda maalumu, aghalabu miaka 20, awazuie wengine wasiutumie uvumbuzi wake bila idhini. Tofauti yake na hakimiliki ni kubwa kama tofauti ya mtumbwi na bandari. Hakimiliki humkataza mtu kunakili maandishi yako. Hataza humkataza mtu kufanya jambo lile lile hata kama ameliwaza mwenyewe, chumbani mwake, bila kuyaona maandishi yako hata mara moja. Katika nchi zinazoruhusu hataza za programu, Marekani ikiwa ya mbele, kijana aweza kuandika msimbo wake wote kwa jasho lake, autoe huria kwa moyo safi, kisha apokee barua: "Umekanyaga mali yetu; lipa."

Hadithi moja ya kweli yatosha kuonyesha. Robert Jacobsen, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alikuwa na wenzake wapendao treni za kuchezea. Sisi tunaoishi mwisho wa Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, twaweza kutabasamu. Lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Waliandika programu ya kuziendesha treni hizo, wakaitoa huria. Mfanyabiashara mmoja, Matthew Katzer, aliyekuwa na hataza katika fani hiyo, alimtumia Jacobsen madai ya fedha zaidi ya dola 200,000. Halafu ikadhihirika kwamba kampuni ya huyohuyo mdai ilikuwa imechukua sehemu za mafaili ya Jacobsen na wenzake na kuyatia katika bidhaa yake, bila majina ya waandishi wala maneno ya leseni. Yaani mtu aliingia shambani kwa jirani, akavuna, kisha akamshitaki jirani kwa kulima!

Jacobsen hakunyamaza. Alikwenda mahakamani mwaka 2006. Mahakama ya chini iliyapunguza masharti ya leseni kuwa kama maneno ya adabu tu. Lakini tarehe 13 Agosti, 2008, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba masharti ya leseni ya programu huria ni masharti ya kweli, na mwenye kuyavunja aweza kuhukumiwa kwa kuvunja hakimiliki, hata kama programu yenyewe ilitolewa bila malipo. Mwaka 2010 kesi ilimalizwa kwa maafikiano, na Jacobsen akalipwa dola 100,000. Hukumu hiyo yastahili kujulikana na kila mwalimu wa uraia, kwa sababu imeweka katika lugha ya sheria jambo ambalo bibi zetu walilijua: kutotoza bei si kuacha haki.

Wakubwa nao hawakukaa kimya. Mwaka 2007 kampuni ya Microsoft ilidai kwamba programu huria zilikuwa zikikiuka hataza zake 235. Katika miaka iliyofuata watengenezaji wa simu za Android, miongoni mwao HTC mwaka 2010 na Samsung mwaka 2011, waliafikiana kuilipa kampuni hiyo ada za hataza. Ada ya namna hiyo ni kama ushuru: huanza kwa mtengenezaji, lakini aghalabu humalizikia kwa mnunuzi, naye yumkini ni muuza dagaa wa Ujiji ambaye hajapata kulisikia neno hataza. Nayo Oracle iliishitaki Google mwaka 2010 kwa ajili ya lugha ya Java iliyotumiwa ndani ya Android. Madai yake ya hataza yalishindwa mwaka 2012. Madai ya hakimiliki yaliburuzwa hadi tarehe 5 Aprili, 2021, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilipoamua kwamba Google ilikuwa imetumia kwa haki. Miaka kumi na zaidi! Ni nani kati ya vijana wetu angeweza kuwalipa mawakili kwa miaka kumi?

Hatusemi kwamba mambo hayabadiliki. Mwaka 2005 uliundwa mtandao uitwao Open Invention Network, ambao wanachama wake huahidiana kutoshitakiana kwa hataza juu ya Linux. Na mwezi Oktoba 2018 Microsoft yenyewe ilijiunga, ikaleta hataza zake zipatazo 60,000. Mamba alipoona wavuvi wameshikana mikono, aliomba kuvua pamoja nao. Tumpokee, lakini tusisahau meno yake.

Leseni zenyewe pia zimejifunza. Leseni ya Apache husema kwamba kila aliyechangia msimbo amempa mtumiaji ruhusa ya hataza zake zote zinazohusu mchango wake. Na mtu akimshitaki mwenziwe kwa hataza juu ya programu hiyo, ruhusa yake ya hataza hukoma papo hapo. GPL ya mwaka 2007 nayo ina vifungu vya namna hiyo. Leseni za BSD, kinyume chake, hazilitaji neno hataza hata mara moja. Basi mwenye kuchagua leseni bila kuisoma ni kama nahodha achaguaye njia bila kuuliza miamba iko wapi. Nasi tuseme ukweli mmoja ambao wapenzi wa programu huria hupenda kuusahau: leseni humfunga aliyetoa, haimfungi mpita njia. Mwenye hataza ambaye hakuchangia kitu hafungwi na ahadi asiyoitoa. Ndiyo sababu haitoshi kusoma leseni. Hapana budi taifa liwe na msimamo.

Hoja za wapinzani wetu

Hoja ya kwanza twaisikia maofisini: "Hiki ni cha bure, hakina mwenyewe, mambo ya leseni ya nini?" Tuliwahi kuyaona matunda ya hoja hii katika shule moja ya sekondari, ambayo hatutaitaja. Kampuni moja, ambayo nayo hatutaitaja, iliiuzia shule hiyo programu ya kutunza alama za wanafunzi, ikisema ni uvumbuzi wake. Baada ya miaka miwili programu ikagoma kufunguka, simu za kampuni zikawa hazipokewi, na alama za kidato cha tatu na cha nne zikabaki humo kama nafaka ndani ya ghala lililopotezewa ufunguo. Mwalimu kijana wa hisabati aliichimbua programu ile, akakuta katika pembe moja, ambayo wafutaji waliisahau, majina ya watu wa nchi za mbali na maneno ya leseni ya GPL. Programu ilikuwa huria tangu mwanzo! Leseni ile iliipa shule haki ya kudai msimbo wote, na fundi yeyote angeweza kulifungua ghala. Lakini haki usiyoijua ni sawa na shamba usilojua umerithi. Walimu walikesha wakinakili alama kutoka madaftari ya zamani, na wapo wanafunzi ambao alama zao za kazi za mwaka hazikuonekana tena. Wanafunzi hao ndio waliolipa gharama ya methali isemayo mali ya wote haina mwenyewe.

Hoja ya pili hutoka kwa wafanyabiashara: "Leseni kama GPL ni ugonjwa wa kuambukiza, ukigusa msimbo wake, msimbo wako wote utadaiwa." Twajibu kwamba hakuna aliyelazimishwa kugusa. Bei imeandikwa mlangoni. Asiyeitaka bei hiyo na aandike msimbo wake mwenyewe kwa jasho lake, au achague programu yenye leseni laini. Yako makampuni mengi yaliyojenga biashara halali juu ya programu huria, yakiuza huduma, mafunzo na matengenezo. Nasi hatuna ugomvi nayo. Tunachokikataa ni kile kitendo cha kula karamuni kisha kuondoka na sufuria.

Hoja ya tatu ni ya wanyonge wenyewe: "Sisi ni nchi maskini, hataza za Marekani hazifiki Kigoma." Kisheria pana ukweli ndani yake. Hataza huwa na nguvu katika nchi iliyoitoa tu. Kwetu haina nguvu ila ikisajiliwa chini ya sheria yetu ya mwaka 1987, au kwa njia ya shirika la Afrika liitwalo ARIPO, lenye makao yake Harare, kwa Itifaki ya Harare ya mwaka 1982. Tena nchi changa, na Tanzania imo miongoni mwazo, zimepewa na Shirika la Biashara Duniani muda hadi tarehe 1 Julai, 2034, kabla ya kulazimika kuutekeleza kwa ukamilifu mkataba wa haki za ubunifu. Lakini muda huu ni wa kujenga ngome, si wa kulala. Kijana wa Kasulu atakayetunga programu nzuri atataka kuiuza Nairobi, London na Chicago. Huko ndiko atakakokutana na mwamba. Na siku muda utakapokwisha, asiyejifunza kuogelea ataambiwa aogelee.

Hoja ya nne husemwa kwa nia njema: "Basi nasi tujipatie hataza, tupambane nao kwa silaha yao." Hatumkatazi mvumbuzi wa mashine ya kukamua mawese kuomba hataza, sheria ipo kwa ajili yake, na jasho lake lastahili malipo. Lakini katika programu, ambamo kila kitu kipya hujengwa juu ya elfu za vitu vya watu wengine, kugawana ziwa kwa kamba ni kuwaua samaki. Nasi ndio tutakaokuwa na kamba fupi kuliko wote.

Mali bila daftari

Msomaji aweza kuuliza kwa nini jambo hili limo katika kitabu cha utamaduni wa taifa. Twajibu kwamba sheria ileile ya mwaka 1999 inayozilinda programu za kompyuta ndiyo inayolinda pia ngano, ngoma na sanaa nyingine za jadi. Vitu hivi viwili viko chini ya paa moja, na kwa haki: vyote hutungwa na wengi, hurithishwa, huongezwa, na vyote huwindwa na yule anayekuta mlango wazi akadhani nyumba haina mtu. Maneno ya Kiswahili "hakuna matata" yalisajiliwa Marekani mwaka 2003 kuwa alama ya biashara ya kampuni ya Disney kwa ajili ya mavazi. Alama ya biashara si hataza, wala haikuzuii wewe kuyatamka. Lakini njia iliyopitwa ni ileile: neno la umma limeingizwa katika daftari la mtu binafsi.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kigoma tunao mfano wenye uchungu. Karibu kila mwalimu wa mkoa huu amewahi kusimulia kwamba watu wa Malaysia walichukua mbegu za michikichi hapa kwetu, wakatajirika. Lakini habari iliyoandikwa ni nyingine: michikichi ya Asia ya Kusini-Mashariki huhesabiwa kuwa chimbuko lake ni miche minne iliyopandwa Bogor, katika kisiwa cha Java, mwaka 1848. Afrika ndiyo nyumbani kwa mti huo, hilo halina shaka. Lakini sisi tunaodai tumeibiwa hatuna hata ukurasa mmoja wa kuuweka mezani. Malalamiko yasiyo na daftari hayashindi kesi. Hutumbuiza barazani tu.

Linganisheni na Wahindi. Mwaka 1995 hataza ilitolewa Marekani juu ya matumizi ya manjano kutibu vidonda, dawa ambayo kila bibi wa Bara Hindi aliijua. Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India halikuishia kulalamika. Lilileta maandishi ya kale kuthibitisha kwamba uvumbuzi huo haukuwa mpya, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Siri ni hii, na kila mwanafunzi na aishike: hataza hutolewa kwa kitu kipya tu. Jambo lililokwisha kuandikwa na kutangazwa wazi, likiwa na tarehe yake, haliwezi tena kuvumbuliwa na mtu kwa halali. Kwa hiyo kutangaza kazi huria, kwa jina na tarehe, si udhaifu. Ni kulijengea ziwa boma.

Yatupasayo kufanya

Yatupasa, kwanza, kusoma. Kila shule inayotumia kompyuta na iwe na daftari moja lenye orodha ya programu zake, na mbele ya kila programu iandikwe leseni yake. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaiweza kazi hii katika juma moja, nao watajifunza sheria zaidi ya watakayoyapata katika kurasa mia.

Pili, yatupasa kuhifadhi majina. Kijana anayeazima msimbo wa mwenziwe na aliache jina la mwenziwe lilipo. Mwanagenzi wa fundi mitumbwi haoni aibu kusema nani alimfundisha kushika tezo. Aibu ni kulificha jina la mwalimu. Mwizi mdogo wa msimbo darasani ndiye kesho atakayekuwa kampuni ile iliyoiuzia shule ghala lisilo na ufunguo.

Tatu, fedha ya umma isinunue chungu kilichozibwa. Halmashauri, shule na hospitali zikiagiza programu itungwe kwa ajili yao, mkataba na useme kwamba msimbo utakabidhiwa, kwamba leseni za kila kilichoazimwa zitatajwa, na kwamba aliyeuza hatamdai mtumiaji hataza hata siku moja.

Nne, yatupasa kutoa nasi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisini iliyozungumza Kiswahili. Hawakumwomba ruhusa bepari yeyote kuitia lugha yetu humo, kwa sababu leseni ilikwisha kuwapa. Huo ndio ushahidi kwamba programu huria ni nyumba ambayo mgeni aweza kuongeza chumba. Atumiaye daima bila kuchangia hata sahihisho la neno moja, yeye naye ni mvuvi wa wavu wa matundu madogo. Hana haki ya kuyalaumu makampuni.

Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, nchi ilikuwa ikijifunza kuzitazama ngoma zake bila aibu. Kizazi hiki kina ngoma nyingine ya kuitazama bila aibu na bila woga. Tusiseme msimbo ni mambo ya Wazungu. Mlinzi wa msitu wa Kigoma ameushika mkononi, muuguzi ameuandikia majina ya watoto, mwanafunzi ametunziwa humo alama zake. Umekuwa wetu kama Liemba ilivyokuwa yetu: haukuanzia kwetu, lakini twaweza kuufungua, kuuelewa na kuuunganisha.

Wakati wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, kwa maana taa zao hazivuti samaki. Hukaa ufukoni wakishona nyavu. Tuliopewa muda hadi mwaka 2034 tuko katika usiku wa namna hiyo. Atakayeshona wavu wake sasa atavua. Atakayelala kwa kusema ziwa ni la wote ataamka akute kamba imekwisha kuzungushwa, na mtu asiyemjua amesimama mwaloni akidai kodi.